Kigoda cha Pili cha Mzee Nicodemo

Funga huo mdomo unaocheka. Ukishasoma mpaka chuo unadhani usichokiona hakipo. Basi nenda Endasak ukamwulize Paskalina kwa nini mjukuu wake Agatha hakurudi nyumbani, tuone kama utacheka tena.

Walikwenda makumbushoni mchana kweupe. Mtoto wa Agatha, angali ananyonya, walimwacha kwa jirani. Makumbusho ya sanaa yako ubavuni mwa nyumba ya zamani ya marehemu Nicodemo, mchoraji aliyechora kwa udongo wa ile chemchemi ambayo watu hawachoti maji, maana ina mwenyewe, tena si mtu. Picha za makumbushoni walizitazama, wakazisifu, yakaisha. Kuingia tu nyumbani kwa marehemu, Paskalina akasikia harufu ya matope mabichi, na kilikuwa kiangazi.

Ndani giza. Pembeni mzee ameketi kwenye kigoda, na kigoda kingine kitupu kando yake. Agatha alilelewa vizuri; hawezi kumpita mzee kimya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa."

Agatha akakaa sakafuni palepale, kama aliyekatwa miguu.

Modest, mtembeza wageni, hakuvuka kizingiti. "Bibi, huyo ni picha," akanong'ona. "Marehemu alijichora ukutani. Humu hatusalimii. Nilisahau kuwaambia."

"Umesahau! Kuturingia na hiyo beji hukusahau!"

Modest akatimua mbio. Paskalina akamvuta mjukuu mkono, nao ulikuwa wa baridi, unateleza kama udongo uliotoka majini, akavuta tena huku ukutani kitu kikigugumia kama maji yanayopanda kisimani, akainua macho ambayo hakutaka kuyainua, na pale pichani kile kigoda kitupu kilikuwa kimekaliwa na mwanamke mwenye kitenge cha Agatha na kovu la Agatha shingoni, mdomo wazi, anapiga kelele isiyosikika, na mkono wa yule mzee umemkamata bega.

"Bibi," likasema lile lililokaa sakafuni, kwa sauti ya Agatha, matope yakilichuruzika kidevuni. "Twende. Mtoto ana njaa. Maziwa yamejaa."

Kifua cha gauni kilikuwa kimelowa, rangi ya kahawia.

"Mrudishe mjukuu wangu, mwanaharamu wa matopeni!"

"Mjukuu yupi tena? Si mimi huyu?" Likanyoosha mikono liinuliwe, likamshika. "Nipeleke kwa mwanangu, bibi."

Paskalina akamtazama yule wa ukutani, akamtazama mpaka akatosheka. Hakulia. Akauchomoa mkono wake, akatoka, akaufunga mlango.