Baruti Juu ya Mafiga

Ndugu zangu wa Keumbu, Jumamosi ile ya mwaka 1974 ilikuwa tulivu hata kuku walionekana kushika Sabato. Jikoni hakuna moto, chakula kimepikwa Ijumaa, na sisi tumejaa kanisani kutazama picha za Thadeus.

Thadeus alikuwa mpiga picha wa hapa sokoni. Wengine huenda pwani wakarudi na nazi. Yeye alirudi na picha, akazitundika kwenye kamba kama nguo za kufuliwa, ili tuone jinsi bahari inavyoharibiwa. Nikajisemea, bahari na sisi wapi na wapi? Sisi ni watu wa chai na ndizi. Kumbe!

"Hapa maji yamekupwa," alisema. "Haya ni matumbawe, ndiyo nyumba ya samaki. Mwaka uliofuata nikarudi pale pale."

Akaonyesha picha ya pili. Lo! Matumbawe yamekuwa kokoto, na vijisamaki vidogo kama kidole vinaelea tumbo juu.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza Angwenyi, mzee wa kanisa.

"Wavuvi wanaolipua baruti majini. Na baruti haivuliwi baharini, mzee. Inaibwa kwenye machimbo ya mawe, huku huku bara, kisha wavuvi wanauziwa."

Mbele yangu aliketi Nyangau, shemeji yake Thadeus, mfanyakazi wa machimbo. Nikaona shingo yake inatiririka jasho.

Picha ya tatu ilikuwa ya nyumba isiyo na paa. "Huyu aliweka baruti jikoni isipate unyevu," Thadeus alisema. "Mkewe akawasha moto."

Nyangau akaruka kutoka kwenye benchi. "Mke wangu Drusilla yuko wapi?"

"Si ameenda kupika?" nikamjibu. "Jua limetua, Sabato imekwisha."

Basi mtu mzima alikimbia, kiatu kimoja kikabaki mlangoni! Nami nikamfuata, maana mimi jambo halinipiti. Mnajua Mgusii akitaka kitu kikauke hukiweka wapi: darini, juu ya mafiga, pamoja na mahindi na kuni. Nyangau alikuwa ameficha sanduku la baruti hapo hapo! Alilileta Ijumaa jioni, moto ukiwa umeshazimwa, akingoja mtu wa kulipeleka pwani. Watoto wake wanalala chumba cha pili. Ptuu, tamaa!

Tulipofika, moshi ulikuwa umeanza kupenya kwenye nyasi za paa. Nyangau akaingia mbio, akanyanyua mtungi wa maji, akaumwaga wote mekoni.

"Baba Abigael, umerukwa na akili?" Drusilla alifoka. "Uji wa watoto!"

"Toka! Chukua watoto, toka!"

Huko nje kwenye migomba Nyangau alisema yote.

"Kwa hiyo nilikuwa napuliza moto chini ya baruti?" Drusilla aliuliza.

"Nisamehe, mama Abigael."

Drusilla aliwashika watoto vichwa, mmoja mmoja, akasema, "Wapo. Wapo wote." Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, nami nikalia. Oh, asante Mungu, nililia kwa furaha.

Usiku huo hakuna aliyelala katika nyumba ile. Nyangau alikwenda mwenyewe kwa chifu pamoja na Angwenyi, akawataja aliokuwa akiiba nao. Asubuhi wenye machimbo wakaja kuliteremsha sanduku taratibu. Alifungwa, akarudi amekonda, lakini alirudi kwa mke na watoto walio hai. Siku hizi analima chai, na Drusilla akitaka kuwasha moto humwambia, "Panda kwanza wewe uangalie darini." Naye hupanda, bila kubisha.

MAFUNZO

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nyangau alidhani anawaua samaki wa watu asiowajua, katika maji ambayo hajawahi kuyaona, kumbe kifo alikuwa amekipanga juu ya vichwa vya wanawe. Ndugu zangu, msiseme bahari iko mbali. Na mtu akikuletea picha ya maangamizi ya wengine, itazame vizuri kabla hujasema hayakuhusu.