Betri ya Ndani ya Kaseti

Gemu ilikuwa imelala mezani bila betri hata moja mgongoni mwake, na bado ilikuwa ikiimba.

Fundi aliinama kuisikiliza, akadhani masikio yanamchezea. Kazi yake ilikuwa kufufua gemu za zamani za mkononi, na kila aliyoitengeneza aliicheza kidogo, kisha akampa habari zake mkewe, aliyeshona nguo upande wa pili wa chumba hichohicho.

"Ile ya jana nzito kama tofali, na kioo chake hakina taa," alikuwa amemwambia asubuhi hiyo, "lakini mashindano yake ya magari yalinisahaulisha chai. Hii nyekundu, watu wake wanatembea kama wamevaa viatu vya kuazima."

"Mtu mzima na mvi zako!" mkewe alicheka, pini zikiwa mdomoni.

Iliyokuwa ikiimba ililetwa na muuguzi mstaafu. "Kitufe tu, mwanangu," alisisitiza. "Kaseti usiifungue."

Fundi hakuzoea kurudisha kazi nusunusu. Ndani ya kaseti za zamani, vile vijisanduku vya mchezo vinavyochomekwa kwenye gemu, hukaa betri ndogo kama kifungo cha shati, inayotunza pale mchezaji alipoishia. Ikitolewa, kila kitu hufutika. Aliikuta imevimba. Nani angelilia mchezo wa miaka ile? Akaing'oa, akalehemu mpya. Ndipo wimbo ulipoanza.

Ikafuata harufu ya nywele zilizoungua. Cherehani ikanyamaza. Mkewe aliinuka, akatembea moja kwa moja mpaka ukutani, na alipoufikia hakusimama: miguu iliendelea kupiga hatua palepale, paji la uso likigonga plasta, taratibu, bila kuchoka.

"Mama watoto? Unafanya nini?"

Aligeuka ghafla kama mlango, akaufuata ukuta mwingine. Hakupepesa macho.

Muuguzi alipopigiwa simu alifika akihema, kila mguu na kandambili yake.

"Uliifungua," alinong'ona.

"Nilibadilisha betri tu, mama."

"Betri tu! Jini lililomwingia mkeo halikatai mchezo. Marehemu mume wangu alicheza miaka miwili akilivuta nyuma yake, akaliingiza chumba cha mwisho, akalifungia humo, akahifadhi. Hicho ndicho ulichofuta."

"Nifanye nini? Niambie, mama, nitafanya."

"Anza upya. Cheza, likufuate. Na usife njiani, maana kila ukifa litachukua kitu cha mkeo."

Fundi akaitia betri, akacheza. Alicheza mchana ule na siku zilizofuata, mgongo umempinda, vidole gumba vimevimba, akisikia nyuma yake zile hatua zisizokwenda popote. Akafa mara moja mtoni, na mkewe akasahau sura za watoto wake. Akafa mara ya pili darajani, na sauti ikamtoka mkewe kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Naye akaendelea, akilia bila kufuta machozi, kwa sababu kuyafuta kungemlazimu kuachia kitufe, hadi alipoufikia mlango wa chumba cha mwisho na hatua zilizokuwa nyuma yake zikakoma.

Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, baridi, akipumua kwa shida. Kwenye kioo, doa jeusi lilimpita yule mtu mdogo aliyeendeshwa na fundi, likaingia chumbani. Nyuma yake akaingia mwingine, mwanamke mdogo kama punje, mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni.

"Funga!" muuguzi alimshika bega. "Funga, uhifadhi, kabla halijageuka!"

"Mke wangu yumo ndani, mama."

"Basi mwite. Mwite upesi!"

Alimwita kwa majina yote aliyowahi kumwita, hata yale ya uchumba. Yule mwanamke mdogo akageuza kichwa. Lakini ncha ya utepe ilikuwa mkononi mwa lile doa.

Fundi hakufunga. Alilehemu nyaya, akaiunganisha gemu na betri ya gari ili isizimike, na mpaka leo ameketi pale, kidole juu ya kitufe, mkewe amelazwa kando yake.

"Fundi, bado unacheza tu?" wateja humtania.

"Nimemwachia mtu mlango wazi," hujibu bila kuinua macho.

Kila siku mwanamke yule husogea hatua moja kuelekea mlangoni. Na kila siku utepe ulio kati yake na lile doa unazidi kuwa mfupi.