Shuka la Alama Namba Nne

Siku ile shambani walikuwepo watu watano, na inafaa watajwe wote, kwa sababu baadaye waliulizana kama kuna aliyemwona mtu mwingine. Alikuwepo Baba Kibonge, mpima ardhi, mwenye droni. Alikuwepo mkewe, Mama Kibonge. Alikuwepo Kibonge mwenyewe, miezi minane, mgongoni kwa mama yake, amelala mdomo wazi. Alikuwepo wifi, dada yake Baba Kibonge, aliyekuja kushika mwavuli na, kwa maneno yake mwenyewe, kula upepo. Na alikuwepo Mwalimu, mzee mstaafu, mwenye shamba, aliyetaka ramani ili awagawie wanawe ardhi angali hai, wasije wakatoana macho juu ya kaburi lake.

Hakuwepo mwingine. Shamba lilikuwa wazi, nyasi fupi za kiangazi, unaona mpaka mwisho.

Kabla droni haijaruka, huwekwa alama chini. Ni misalaba mikubwa myeupe, inapigiliwa vigingi, na mahali pa kila mmoja panapimwa kwa kifaa cha satelaiti. Droni ikipita juu inaipiga picha, na kompyuta inaitumia misalaba hiyo kujua kila kitu kiko wapi. Ilitakiwa mitano. Ya plastiki ilikuwepo minne. Mmoja ulikuwa umepeperushwa na upepo kwenye kazi iliyopita.

Mama Kibonge alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu jana yake. Alitoa kwenye mfuko shuka jeupe la kitandani kwao, la tangu walipooana, lililochakaa katikati, akalichana vipande viwili virefu.

"Mke wangu, wewe ni ofisi nzima," mumewe akamwambia. Na alipopiga magoti kupigilia vigingi, mume alichukua kifuniko cha sanduku la droni akakishika juu ya kichwa cha mtoto, jua lisimchome.

"Oneni mapenzi ya kazini!" wifi akasema. "Sasa mimi nimekuja kumshikia nani mwavuli?"

Kipande kimoja kikalazwa hivi, kingine kikakatiza juu yake. Ikawa alama namba nne, juu ya kituta kidogo katikati ya shamba ambapo hapajawahi kulimwa.

"Kwa nini hapalimwi, Mwalimu?" wifi akauliza.

"Sijui. Babu alikuwa akifika hapo na jembe, anazunguka. Baba akazunguka. Na mimi nikazunguka."

Saa saba mchana, jua la utosini, Baba Kibonge akarusha. Wapimaji wanaipenda saa hiyo kwa kuwa vivuli ni vifupi na picha zinatoka safi. Droni ilipanda ikivuma kama mzinga uliotikiswa, ikaenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayefagia uwanja. Baada ya saa moja na nusu ikatua. Misalaba waliiacha palepale, ndio utaratibu, kwani huenda picha zikahitaji kurudiwa.

Mama Kibonge aliishia darasa la saba, lakini mumewe alikuwa amemfundisha kazi moja ya kwenye kompyuta, na aliipenda. Anafungua picha moja moja, anatafuta msalaba, anaweka mshale katikati yake, anabonyeza. Picha za droni zinalaliana kama mabati ya paa, kwa hiyo msalaba mmoja unaweza kuonekana kwenye picha tisa. "Macho yako yana subira kuliko yangu," mumewe alimwambia, na siku hiyo alimbeba mtoto yeye ili mkewe afanye kazi vizuri.

Alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, safi. Akafika namba nne.

Kwenye picha ya kwanza palikuwa na msalaba tu. Kwenye ya pili alikuwa amesimama mwanamke kando yake, nguo yake rangi ya udongo. Kwenye ya tano ameketi. Kwenye ya tisa amelala chali juu ya shuka, mikono imetandazwa, anatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera. Anacheka.

"Baba Kibonge. Huyu nani?"

Mume akainama. Akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hapakuwa na mtu."

"Naona hapakuwa na mtu. Huyo asiyekuwepo ndiye anakuchekea namna hiyo?"

"Mama Kibonge, wewe ulikuwepo. Ulimwona?"

Hakumwona. Alijua hakumwona. Lakini wivu ni kama maziwa jikoni, ukigeuka kidogo tu yameshapanda na kumwagika. Usiku akampigia wifi simu, akamwuliza kwa sauti ya kuficha kama shamba lile lina majirani, kama kuna mwanamke alipita.

"Wifi, mimi kaka yangu namjua," wifi akacheka. "Yule hata wewe ulimtongoza mwenyewe. Lala."

Kesho yake mume akasema picha za upande wa juu hazikutoka vizuri, lazima arudie. Keshokutwa akasema upepo. Siku ya tatu hakusema kitu. Ikifika saa tano anakung'uta viatu, anachukua sanduku, anaondoka, na akirudi nguo zake zinanuka udongo uliolowa, wakati mvua haijanyesha miezi minne. Alikuwa bado mpole. Alimletea mtoto tunda, alimwuliza mkewe kama mgongo unamuuma. Ila alimwuliza akiwa anatazama dari.

Jumapili mchana walijilaza wote watatu. Mama Kibonge alisinzia kidogo, akashtushwa na mvumo. Ulikuwa mvumo wa droni, mdogo, wa karibu, kana kwamba inaning'inia juu ya paa. Sanduku lilikuwa pale ukutani, limefungwa, betri zimepangwa mezani. Ile harufu ya udongo ilikuwa imejaa chumba. Akajisogeza kwa mumewe, akamwekea mkono kifuani.

Mume hakufumbua macho. Akasema polepole, kama anayemwonea mtu huruma:

"Sogea kidogo. Umemlalia."

Godoro kati yao, mahali pasipo na mtu, lilikuwa limebonyea.

Alitoka kitandani na mtoto, akakaa sebuleni mpaka jioni. Hata hivyo kesho yake alipika chakula akampelekea shambani, Kibonge mgongoni, kwa sababu ni mume wake, na kwa sababu alitaka kuona kwa macho. Aliona mume peke yake, rimoti mkononi, uso umeinuliwa. Alimkuta amekonda kwa wiki moja kama mtu wa mwezi mzima wa homa. Chakula hakukigusa.

Jioni mume alipokuwa anaoga, Mama Kibonge alifungua kompyuta, akatafuta picha za siku hiyo, za ile saa aliyofika na chakula, akijiambia kwamba atajiona pale mwenye nguo yake ya bluu na ataujua ukweli mmoja angalau, lakini picha ilipofunguka palikuwa na nyasi, palikuwa na bakuli la chakula limesimama hewani, na nyuma ya bakuli palikuwa na mwanawe, Kibonge, ananing'inia juu ya nyasi amelala mdomo wazi, bila mgongo uliombeba, bila nguo ya bluu, bila mama, na kwenye picha iliyofuata yule mwanamke alikuwa amesimama karibu yake amenyoosha mikono, na kwenye iliyofuata Kibonge alikuwa mikononi mwake, ameamka, anamchekea.

Aliinuka akamshika mtoto. Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mgeni, akaanza kulia. Akampa ziwa. Mtoto akageuza uso, akalikataa.

Alikwenda kwa wifi akiwa pekupeku. Wifi alisikiliza yote mlangoni, akatazama zile picha, za siku hiyo na za siku ya kwanza, ambazo Mama Kibonge alikuwa amezinakili kwenye simu, kisha akamchukua mtoto, akamvisha Mama Kibonge viatu vyake mwenyewe. Hakutania hata neno moja. Hapo ndipo Mama Kibonge alipoogopa kweli.

Wifi alimfahamu mganga mmoja, bibi ambaye kazi yake ya kila siku ni kushona magodoro. Walimkuta sindano ndefu mkononi, pamba mpaka kwenye nyusi. Kabla ya kuuliza lolote alimpepea Kibonge usoni, maana mtoto alikuwa amelia mpaka jasho limemlowesha.

"Pale chini kwenye picha, hicho cheupe ni nini?" akauliza, walipomaliza kumsimulia yote na kumwonyesha simu.

"Shuka, bibi. Ndiyo alama."

"Shuka la wapi?"

"La kitandani kwetu. Plastiki ilipungua moja. Nilitaka kumsaidia."

Bibi akachomeka sindano kwenye godoro.

"Mimi nashona magodoro mwaka wa arobaini huu, kwa hiyo nisikilize. Mahali wazee wanapozunguka na jembe, pana mwenyewe. Wewe umekwenda kwa mwenyewe, saa saba mchana, saa yao ya kutembea, ukamtandikia shuka lenye jasho la mumeo. Kisha mumeo akaja juu akamtazama, akaenda, akarudi akamtazama tena. Mara ngapi?"

"Tisa."

"Mara tisa! Mwanamke gani asingejua ameposwa?" Akatikisa kichwa. "Hata mimi ningejipaka mafuta."

Wifi alitaka kucheka, akashindwa.

"Mfukuze, bibi," Mama Kibonge akanong'ona.

"Siwezi. Hakuvamia. Amealikwa, na anajiona yeye ndiye mke na wewe ndiye uliyeingilia. Kwa hiyo anakufuta. Akimaliza kukufuta kwenye picha, atakufuta nyumbani. Aliyetandika ndiye anayetandua. Nenda saa ileile. Mwombe radhi, maana kosa ni lako. Halafu chukua shuka lako lote."

"Na akikataa?"

"Basi vuta. Ukilegea, umempa mume."

Kesho yake mtoto alibaki kwa bibi. Wifi na Mwalimu walisimama kwenye mpaka wa shamba, Mwalimu ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama yuko msibani. Baba Kibonge alikuwa keshafika. Mkewe alipita mbele ya uso wake, akamwita kwa jina lake la utotoni analolijua yeye tu, na yeye akamzunguka ili aendelee kutazama skrini ya rimoti. Droni ilikuwa imeshuka chini kuliko inavyoruhusiwa, inavuma juu ya kituta palepale, haiendi wala hairudi.

Shuka lilikuwa jeupe kama limefuliwa asubuhi ile. Katikati limebonyea, urefu wa mtu.

Alipiga magoti. Jua lilikuwa utosini na hakuwa na kivuli.

"Dada," akasema. "Nisamehe. Nimekukosea. Sikujua kama hapa ni kwako."

Upepo ulikuwa umekufa. Jibu lilitoka chini ya shuka, kwa sauti ambayo ilikuwa yake mwenyewe, ya Mama Kibonge, jinsi anavyoongea na mtoto.

"Alinitazama."

"Alikuwa anatazama ardhi, dada. Ndiyo kazi yake."

"Mara tisa."

"Hata ingekuwa mara mia. Mimi nimemzalia, na kuna siku hanitazami hata mara moja. Wanaume ndivyo walivyo wakiwa kazini."

Akang'oa kigingi cha kwanza, na cha pili, na cha tatu. Kipande cha juu kikaachia, akakikunja kifuani. Aliposhika cha chini kikavutwa kutoka upande wa pili, si kwa nguvu, kama watu wawili wanaokunja nguo pamoja.

"Niachie kimoja," ile sauti ikasema. Ilikuwa inalia. "Wewe una nyumba. Una mtoto. Mimi kila jembe linanizunguka. Niachie kimoja tu."

Na Mama Kibonge, ambaye alikuwa hawezi kumnyima jirani chumvi hata kama ndiyo ya mwisho, ambaye alikuwa akimwonea huruma hata kuku anayefukuzwa, aliona machozi yanamtoka kwa ajili ya yule mwanamke wa udongo aliyekaa peke yake miaka yote ile bila mtu wa kumtazama, akaona vidole vyake vinalegea, akamkumbuka mumewe aliyekonda akimwambia asogee, akamkumbuka Kibonge akicheka mikononi mwa mwingine, na wivu ukampanda, ule ule wa usiku wa picha ya kwanza, na safari hii hakuuonea haya.

"Nimegawa vingi, dada," akasema. "Mume sigawi. Hata uzi mmoja huupati."

Akavuta kwa uzito wake wote. Kigingi cha mwisho kikaruka, akaanguka chali na shuka juu yake, na juu angani ule mvumo ukakatika. Droni ilidondoka kama jiwe, ikapasuka kwenye kituta. Kisha akasikia rimoti ikianguka nyasini, na sauti ya mumewe, ya kukauka, ya mtu aliyeamshwa:

"Mama Kibonge? Mbona umelala juani? Mtoto yuko wapi?"

Walimbeba Baba Kibonge mpaka nyumbani, wifi upande mmoja, Mwalimu upande mwingine, akalala siku mbili. Jioni ileile Kibonge alirudishwa kutoka kwa bibi, akanyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni.

Baba Kibonge hakuimaliza kazi ile. Mwalimu akatafuta mpima mwingine, kapera, mwenye droni mpya na misalaba yake mitano ya plastiki. Mama Kibonge alimfuata kumwonya asiruke juu ya kituta, na kapera akamshukuru kwa adabu, akamwambia yeye ana mchumba. Alirusha mara moja, ramani ikatoka nzuri, na wana wa Mwalimu wakagawana bila ugomvi.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Kapera bado anakwenda pale kila siku saa saba.