Ubavu wa Mbuzi wa Kokoo

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia katika shule yetu ya Kitengela, Resian alikuwa amekwisha kutuvunja mbavu. Aliigiza bawabu, waendeshaji wa bodaboda, hata kuku anayetaga. Hisabati pekee ndiyo iliyomnyamazisha.

Wiki hiyo tulikuwa na hofu. Mwalimu Mutheu alikuwa ametangaza kwamba atakayeanguka mtihani wa akisami Ijumaa hatapanda basi la kwenda Kajiado kwenye tamasha la maigizo. Na Resian ndiye aliyekuwa mhusika wetu mkuu. Bila yeye, tungeenda kuaibika tu.

"Ipi kubwa, thuluthi au robo?" Mwalimu aliuliza Jumatano.

"Robo!" tukaitikia kwa ujasiri wa wajinga. "Nne inashinda tatu!"

Mwalimu akakunja uso. Resian hakujizuia. "Ona! Kama kokoo wangu akiona wageni wameongezeka na mbuzi ni mmoja!"

Tulicheka, kisha tukaogopa. Lakini Mwalimu alichora ubavu wa mbuzi ubaoni, mifupa kumi na miwili.

"Njoo hapa mbele. Tuonyeshe huyo nyanya yako akigawa."

Resian akajitanda sweta kama shuka. Kwao watu hawahesabiwi kwa kidole, kwa hivyo kokoo huwahesabu kwa kuwasalimu. "Supa! Supa! Supa!" akawaamkua wenzetu watatu wa dawati la mbele kwa tabasamu pana, akawapa mifupa minne minne.

Mwalimu akamwongeza Irungu. "Supa," Resian akasema, tabasamu likipungua. "Basi mtakula mitatu mitatu."

Wakaongezwa wawili. "Supa, lakini hapa si hoteli! Ni miwili miwili!"

Darasa likaangua kicheko. Ghafla Resian akautazama ubao, macho yakamtoka.

"Mwalimu, ngoja! Wakiwa watatu kila mmoja anakula mingi kuliko wakiwa wanne. Kumbe thuluthi ndiyo kubwa!"

Ijumaa hakuna aliyeanguka. Resian alipata kumi na nane kwa ishirini, nasi tukashangilia mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia.

Mlangoni mwa basi alimwuliza Mwalimu, "Mbona siku ile hukuniadhibu?"

"Kwa sababu mzaha wako ulikuwa na akili ndani," Mwalimu Mutheu akajibu. "Kipawa kisicho na kazi huvuruga darasa. Ukikipa kazi, kinakufaa wewe na wenzako. Haya, panda. Kiti cha mbele ni chako."