Ngata ya Julieth

"Asali imeingia mzingani. Mrina asubiri."

Sauti ya Mkuu Humaidi ilikwaruza sikioni mwa Koleta, kupitia kidude kisichozidi punje ya mahindi. Maana yake: bunduki za magendo zimefika, lakini yeye, mrina, asiziguse mpaka zipande lori.

Koleta hakusogea. Alikuwa amekufa.

Alilala kifudifudi kwenye vumbi la Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, shingo imepakwa rangi nyekundu. Katika filamu iliyokuwa ikirekodiwa pale alikuwa mmoja wa wapiganaji wanawake waliouawa na Wajerumani. Chini ya kaniki yake, bastola yake ya kipelelezi, Glock 19, ilimchoma ubavuni.

Kufa kwa uongo hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kila alipofumba macho alimwona Shaima. Miaka miwili iliyopita, huko Igunga, Mkuu alisema subiri, naye akasubiri, na mwenzake huyo wa kazi akauawa kwa risasi mita thelathini kutoka alipojificha yeye. Tangu siku hiyo Shaima hajampa usingizi.

Alifumbua jicho moja.

Wanawake ishirini walikuwa wakipita na makasha vichwani, kwenye njia ile ile ya misafara ya zamani. Katika hadithi ya filamu walijifanya wapagazi ili wawapitishie wenzao magobole. Makasha yenyewe yalikuwa matupu. Sylvester, mtunza vifaa, aliyagonga mbele yao asubuhi, akawatania kwamba bibi zao wangewacheka kwa kubeba hewa. Onyesho likiisha, makasha yangepakiwa kwenye lori la filamu, ambalo polisi wa kizuizini walishazoea kulipitisha bila kulipekua.

Wa kumi na nne akasimama.

Ni Julieth, mkulima wa mpunga kutoka Choma, aliyekuja kwa hamu tu ya kujiona kwenye televisheni. Alitua kasha kwa taabu, akavua mtandio, akausokota duara, akauweka utosini. Ngata. Mwanamke aliyebeba maji tangu utotoni hafikirii jambo hilo. Shingo ikilalamika, mikono inasokota yenyewe.

Kasha tupu halidai ngata.

Koleta alitazama nyuma ya Julieth. Wengine wanne walikuwa na ngata vichwani. Sylvester alikuwa amebadilisha makasha wakati wa chakula cha mchana, akaficha kila kitu isipokuwa uzito. Mtu wa mjini yule, hajawahi kubeba hata ndoo.

Naye Sylvester aliiona ile ngata. Alimfuata Julieth, akamshika kiwiko kwa upole.

"Mama, hilo limechanganywa. Njoo huku nikubadilishie."

Akampeleka nyuma ya ukuta wa udongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti.

"Mrina anaingia," Koleta alinong'ona.

"Hapana. Subiri lori."

"Atamuua, Mkuu."

"Subiri. Hiyo ni amri."

Neno lile lile. Alihisi kabisa kwamba Shaima amelala kando yake vumbini, anamtazama.

Akachomoa kidude sikioni.

Akainuka.

Mwongozaji alipiga kelele kwamba maiti haitembei. Koleta alikuwa keshafika ukutani.

Julieth alikuwa amepiga magoti, bastola yenye kizuia sauti kisogoni.

"Sylvester."

Aligeuka. Risasi moja, begani. Bastola yake ikaanguka. Teke moja la gotini, naye akaifuata. Pingu.

Kwa mlio ule wa risasi polisi walifunga kizuizi, dereva wa lori akanyoosha mikono juu. Makasha matano yalifunguliwa. Bunduki arobaini, mpya, bado zina grisi.

Simu ya Koleta ilitetemeka kiunoni. Humaidi alikuwa akifoka kwa sauti ya chini: waliokuwa wakiusubiri mzigo mpakani wangetoweka, kazi ya miezi minane imeharibika, na yeye mwenyewe angemfikisha mbele ya kamati ya nidhamu.

"Nifikishe, Mkuu. Huyu amepona."

Akakata.

Julieth alikuwa bado amepiga magoti. Aliitazama ile rangi shingoni mwa Koleta.

"Dada, wewe si ulikuwa umekufa?"

"Miaka miwili sasa."

Akamwinua, akamfuta vumbi magotini, akamkabidhi kwa wenzake. Kisha akashika njia ya kuelekea mjini, taratibu, kaniki ikiburuza. Alijua Shaima anamfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza hakuharakisha ili amwache.