Mipira ya Soksi

Kila Jumamosi baada ya masomo, wanafunzi wa chuo kimoja cha ualimu mjini Kasongo walicheza mchezo wa fisi. Wanafunzi watatu wanakuwa fisi, wengine wote wanakuwa watu. Fisi akikugusa, na wewe unakuwa fisi. Lakini ukimpiga kwa kitu kabla hajakufikia, lazima akae chini na kuhesabu mpaka mia moja. Wewe unatimua mbio.

Estelle ndiye aliyeuanzisha. Alikuwa mwaka wa pili. Alikuwa ameona wanafunzi wapya kutoka Wamaza na Kabambare wakijifungia chumbani, wakihesabu siku za kurudi kwao. Mchezo uliwatoa nje na kuwapa marafiki. Estelle aliupenda kama mtu anavyopenda shamba alilolifyeka mwenyewe.

Mwanzoni walirushiana majani yaliyofungwa kamba. Hayakufika mbali. Estelle akamwomba baba yake, Papa Hippolyte, awasaidie. Huyo ni seremala, na hajui kufanya kazi nusu nusu. Kwa mabaki ya mbao alichonga bunduki kumi. Kila moja ilirusha kipande cha mpira, kilichokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Wakazipaka masizi ya sufuria. Zilifanana kabisa na zile za kweli, na baba na binti walijivuna wiki nzima.

Jumamosi ikafika. Mchezo haukufika mbali. Aristote, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alipigwa na kipande cha mpira chini ya jicho, pakavimba papo hapo. Estelle hakuwa na habari. Yeye na wenzake wanne walikuwa wakinyemelea nyuma ya madarasa, bunduki mbele. Wakatokea ghafla getini.

Pale getini Mama Apolline alikuwa akikaanga maandazi. Mama huyu alitoka Salamabila miaka miwili iliyopita, baada ya watu wenye bunduki kuingia mtaani kwao usiku. Aliwaona wale watano. Hakupiga kelele. Alitambaa nyuma ya ukuta, akalala kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Katika kutambaa mguu wake ulikuwa umegonga karai, na mafuta ya moto yakaumwagikia.

Mmoja wao alianza kucheka. Estelle aliyaona yale mafuta mguuni, akamwambia anyamaze.

"Mama, ni mchezo tu," alisema.

"Miye nitajua namna gani ni muchezo?" Mama Apolline aliuliza, uso bado uko chini.

Walimmwagia maji safi mguuni kwa muda mrefu, kisha wakampeleka kituo cha afya.

Mkurugenzi wa chuo, Bwana Roger, aliwaita siku hiyo hiyo. "Aristote kidogo apoteze jicho," alisema. "Na mama huyu alikimbia vita, ninyi mukamuletea vita mpaka hapa. Muchezo umekwisha."

"Direkta, utupe wiki moja," Estelle alisema. "Tutatafuta vifaa vingine."

"Usiniombe miye. Mama Apolline akirudi getini kwa mapenzi yake, akubali vifaa vyenu, mutacheza. Asiporudi, musiniambie tena juu ya fisi."

Jumatatu mahali pa Mama Apolline palikuwa patupu. Jumanne vilevile. Wanafunzi wapya walirudi kujifungia vyumbani. Estelle aliona aibu hata kupita pale getini.

Jioni hiyo, nyumbani kwa Papa Hippolyte, jirani yao Mama Safia, fundi wa cherehani, alikuja kuchukua kiti chake alichotengenezewa. Alizikuta zile bunduki zimepangwa ukutani. Akasimuliwa yote.

"Hippolyte, kazi yako iko muzuri sana," alisema. "Ndiyo ubaya yake. Mutu wa mbali atajua namna gani si ya kweli? Askari akiona hii, atauliza kwanza?"

Papa Hippolyte alikuna kichwa.

"Basi turushe nini, Mama Safia?" Estelle aliuliza.

"Soksi. Kule sokoni, mu nguo za mitumba, soksi iliyopoteza mwenzake wanaitoa karibu bure. Miye niko na gunia ya vipande vya kitambaa. Kata vidogo vidogo, jaza, shona mudomo na uzi. Usifunge fundo, fundo inakuwa ngumu. Usiache kifungo ndani. Na ikiloa usirushe, iko nzito kama jiwe. Anika kwanza."

"Haitaenda mbali."

"Basi mukaribie. Hiyo miguu muko nayo ya nini?"

Papa Hippolyte alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mama Safia hakuwa amemaliza. Mpira wa kwanza, alisema, Estelle ajipige mwenyewe usoni. Ukimuumiza, haufai. Lakini katika mchezo mtu asilenge juu ya mabega hata kidogo. Kila mchezaji afunge kitambaa mkononi, fisi chekundu, watu cha njano, ili mpita njia ajue hawa wanacheza. Wasicheze karibu na moto wala barabara. Na kabla ya kuanza, wauzaji na walinzi wote waambiwe.

Walishona siku tatu. Papa Hippolyte alijichoma sindano mara nyingi kuliko alivyowahi kujigonga nyundo, lakini hakuacha. Estelle alijipiga usoni kwa kila mpira, mmoja baada ya mwingine. Miwili iliuma kwa sababu ilishindiliwa mno, akaifumua.

Ijumaa alikwenda kwa Mama Apolline pamoja na Aristote. Walimkuta mlangoni, mguu umefungwa bendeji.

"Mama, tumekuja kuomba musamaha," Estelle alisema. "Na tumeleta hii uangalie."

Mama Apolline alichukua mpira mmoja, akaubonyeza. Akaingia ndani, akatoka na kisu, akaupasua. Vipande vya kitambaa vikamwagika mapajani.

"Nilitaka kuona kama kuna kitu ndani," alisema. Akarudi nyuma hatua chache. "Sasa unipige."

Estelle aliogopa, lakini alirusha mwingine. Mpira ulimgusa begani, ukaanguka. Mama Apolline aliutazama pale chini.

"Na ile bunduki ziko wapi?"

"Kwa papa."

"Kesho mulete zote getini. Nitazihesabu."

Jumamosi alikuwepo, akichechemea. Alizihesabu mara mbili. Zilitimia kumi. Papa Hippolyte alichukua shoka akazipasua kwa mkono wake mwenyewe. Mama Apolline akazisukuma moja moja chini ya karai. Ziliwaka vizuri, na mafuta yakapata moto.

Kisha wanafunzi walifunga vitambaa, na mchezo ukaanza, mbali na moto. Estelle alikuwa fisi. Alikuwa karibu kumgusa Aristote pale kitu laini kilipompiga mgongoni. Aligeuka. Mpira mmoja ulikuwa umebingirika kuelekea getini, na Mama Apolline alikuwa ameufuata na kuurusha, mkono wake bado uko juu.

"Kaa chini, fisi," alisema. "Hesabu."

Estelle alikaa mavumbini, machozi yakimlengalenga, akahesabu mpaka mia moja bila kuruka hata moja.