Bidoni Tano za Maharage

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha makala ya kupikia, Mama Valérie alifungua gunia la maharage. Aliingiza mkono ndani, akaangalia, kisha akafunga tena. Gunia lile lilikuwa mali yote ya nyumba yake.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa 1994. Valérie na bwana yake, Mwalimu Habarurema, walikaa Katoyi, mjini Goma, na watoto wao wanne. Walikuwa wamekimbia vita ya Masisi mwaka uliopita. Siku zile pesa ya Zaire ilikuwa inakufa. Noti iliyonunua sabuni Jumatatu haikutosha kununua sabuni hiyo Jumamosi. Serikali haikulipa walimu. Wazazi wa wanafunzi ndio waliochanga kidogo. Basi wakati wa mavuno, Mwalimu alipokea mchango wao, akakimbia sokoni siku ileile, akanunua gunia zima.

"Pesa inaoza," alisema. "Maharage hayaozi."

Lakini asubuhi hii Valérie alipotoa mkono, vumbi jeupe lilibaki kwenye vidole. Maharage yalikuwa na matundu. Mdudu mdogo alitembea juu ya kucha yake.

"Papa Charline! Kuja uone!"

Mwalimu alikuja, akatazama. Kisha akasema, "Tuuze leo, mbele yote hayajawa unga."

"Tuuze tupate nini? Feza? Hiyo feza itafika misa ya siku ya Mungu?"

"Sasa tulishe watoto wadudu?"

"Mimi nitakula," alisema Charline, binti yao wa miaka kumi. "Lakini wale wadogo tu."

Hakuna aliyecheka. Bila maharage yale, wangekula nini mpaka mavuno ya mwezi wa sita?

Mwalimu alijitwika gunia. Mlangoni alikutana na jirani yao, Mama Katungu. Mama huyu alitoka Butembo, na alikuwa ameuza maharage sokoni miaka ishirini.

"Mwalimu, unahama bila bibi yako?"

"Napeleka maharage soko. Wadudu wameingia."

"Weka chini kwanza."

Mama Katungu alichukua punje moja, akaiuma. Haikulia. "Hii haijakauka. Gunia lilikaa wapi?"

"Pale, juu ya mawe," alisema Valérie.

Sakafu yao ilikuwa mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, mawe yalitoa unyevu.

"Na gunia lilikuwa tupu mbele ya kumimina maharage mapya?"

Valérie aliinamisha kichwa. "Kulikuwa na ya zamani kidogo chini."

"Ni hayo ya zamani yalileta wadudu."

"Lakini Masisi tulichanganya hivi kila mwaka, mama! Tulining'iniza kitunga cha maharage juu ya moto wa jikoni. Hatukuona shida."

"Moshi ulikuwa unawasaidia. Hapa unapika inje na makala. Gunia lako linaona moshi wapi?" Mama Katungu alimshika bega. "Usilie. Nusu yake ingali nzima. Tutaiokoa."

Siku mbili walianika maharage juani, juu ya shitingi ya plastiki. Charline alifukuza kuku. Mama Katungu aliuma punje tena. Safari hii ililia "ka!" kati ya meno.

"Sasa imekauka."

Walipepeta, wakachagua. Yaliyotobolewa waliyatenga wapike kwanza. Beseni moja la maharage mazuri walibadilisha na bidoni tano za plastiki, zilizokuwa za mafuta. Waliziosha kwa sabuni na kuzikausha kabisa. Kisha wakazijaza mpaka shingoni.

"Mududu anapumua kama sisi," Mama Katungu alieleza. "Ukijaza yote na kufunga kabisa, hewa inaisha. Anakufa, na mayai yake hayatoi kitu."

Kifuniko kimoja kilicheza. Mwalimu alitoa noti kuukuu mfukoni. "Tukaze na hii. Angalau itapata kazi."

"Hapana, Mwalimu. Karatasi inapitisha hewa."

"Hata hapo imeshindwa!" alisema Mwalimu. Wote walicheka, hata Valérie.

Walikaza kile kifuniko kwa kipande cha plastiki. Vifuniko vyote walivizungushia nta ya mshumaa. Bidoni wakazipanga juu ya mbao, mbali na ukuta.

"Majuma matatu musifungue," Mama Katungu alisema. "Ukifungua kuangalia, umemupa mududu hewa. Na ukianza bidoni moja, maliza hiyo kwanza."

Asubuhi zile zilikuwa ndefu. Siku ya tano Mwalimu alishika kifuniko.

"Papa Charline!"

"Ninapangusa vumbi tu."

Majuma matatu yalipita. Valérie alifungua bidoni ya kwanza, akamimina kwenye ungo. Mlikuwa na wadudu wachache, wote wamekufa. Hakuna aliyetembea. Alikaa chini, akapumua kwa nguvu.

Mavuno yalipofika, bidoni moja ilikuwa haijaguswa. Walinunua mengine, wakayakausha, wakazijaza tena zile nne. Mwezi wa saba wakimbizi wengi walivuka mpaka kutoka Rwanda, na bei ya chakula ilipanda sana. Nyumba ya Mwalimu haikulala njaa. Valérie alipika chungu cha pili kwa mama mmoja na watoto wake, waliopiga kambi karibu na uzio.

Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha makala, alipita kwenye mbao, akagusa vifuniko kwa kidole. Hakufungua.